MIMBA INAPOPITA SIKU ZAKE
Yafaayo kufanywa nyumbani, na wakati wa kwenda hospitali

Siku ya kujifungua ikiisha kupita na mtoto asionekane, nyumba haikosi maneno. Majirani huuliza kila asubuhi, "Bado tu?" Mavyaa huhesabu miezi kwa vidole, mume hakai akatulia, na mja mzito mwenyewe, ambaye mgongo wamwuma na usingizi umemhama, huwa tayari kukubali shauri lo lote atakalopewa. Ndipo hutokea mtu na chungu cha mizizi, wa pili na chupa ya mafuta ya mbarika, na wa tatu na kidonge alichokinunua dukani, kila mmoja akisema ya kwamba dawa yake huleta uchungu upesi.

Mashauri hayo hutolewa kwa nia njema. Lakini baadhi yake hayana nguvu yo yote, baadhi yana manufaa kidogo, na baadhi yamekwisha kuwaua mama na watoto. Kwa hiyo yafaa kila jamaa ijue mambo matatu: namna ya kuhesabu siku sawasawa, yale yawezayo kufanywa nyumbani pasipo madhara, na siku ambayo kungojea kwapasa kwisha na safari ya hospitali kuanza.

HESABU YA SIKU

Mimba huhesabiwa siku 280, yaani majuma 40, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kanuni itumiwayo na wakunga wengi duniani yaitwa kwa jina la Franz Naegele, mwalimu wa elimu ya uzazi katika mji wa Heidelberg, Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1778 akafa mwaka 1851. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Huchukuliwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, huongezwa siku 7, kisha hurudishwa nyuma miezi mitatu. Mwanamke aliyeanza hedhi yake ya mwisho tarehe 1 Januari ataongeza siku 7 apate tarehe 8 Januari, kisha atarudi nyuma miezi mitatu, na siku yake ya kutazamiwa itakuwa tarehe 8 Oktoba.

Lakini siku hiyo si amri, wala mtoto hana kalenda. Katika watoto 100, wanaozaliwa siku ile ile iliyotajwa ni kama 5 tu, au pungufu. Mtoto huhesabiwa kuwa amekuja kwa wakati wake akizaliwa baada ya majuma 37 kutimia na kabla ya majuma 42 kutimia. Kwa mwanamke huyo wa mfano, muda huo ni tangu tarehe 17 Septemba hata kukaribia tarehe 22 Oktoba. Basi asipojifungua tarehe 8 Oktoba, hakuna jambo la ajabu lililotokea, hasa ikiwa ni mimba yake ya kwanza, kwa maana wazaliwa wa kwanza hukawia mara nyingi zaidi kuliko ndugu zao wafuatao.

Tena mara nyingi mimba isemwayo kuwa imepita siku haikupita hata kidogo. Kilichokosewa ni hesabu. Wako wanaohesabu miezi tisa kwa mwezi mwandamo. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30, na miezi tisa ya namna hiyo haizidi siku 266 hivi, yaani inapunguka majuma mawili katika zile siku 280. Mwenye kuhesabu hivyo atadhani amechelewa majuma mawili, kumbe siku yake ndiyo kwanza yawadia. Wako pia waliopata mimba wakingali wananyonyesha, kabla hedhi haijarudi, na wengine waliokuwa wakidungwa sindano ya kupanga uzazi, ambayo huivuruga hedhi. Hao hawana siku ya kuanzia hesabu yao.

Dawa ya kosa hilo ni kwenda kliniki mapema. Shirika la Afya Duniani limeshauri ya kwamba mja mzito aonane na mkunga mara ya kwanza kabla ya majuma 12 kupita, na kwamba apigwe picha ya tumbo, ile iitwayo altrasaundi, kabla ya majuma 24. Picha ya mapema hukisia umri wa mimba vizuri. Picha ya mwezi wa tisa yaweza kukosea kwa majuma kadha, kwa kuwa wakati huo watoto wamekwisha kutofautiana kwa ukubwa. Siku iliyohesabiwa na mkunga huandikwa katika kitabu cha kliniki. Kitabu hicho na kitunzwe kama hati ya shamba, maana siku ya mashaka ndicho kitakachokata shauri.

Nyumba moja yaweza kuwa mfano. Mavyaa amwambia mkaza mwanawe, "Mwanangu, mimba hii imepitiliza, mwezi mwandamo wa tisa umekwisha zamani." Naye ajibu kwa adabu, "Mama, mkunga alinihesabia tangu mwanzo. Nimebakiza siku tisa, na imeandikwa humu." Wote wawili wamesema walichokijua, lakini mmoja ana maandishi. Kama chungu cha mizizi kingalinyweka siku ile, mama na mtoto wangalitiwa hatarini bure.

HATARI YA KUCHELEWA MNO

Mtoto aliye tumboni hula na kupumua kwa njia ya kondo la nyuma. Kondo hilo liliumbwa kwa kazi ya muda, na siku zikizidi sana huanza kuchoka. Maji yamzungukayo mtoto nayo hupungua. Wakati mwingine mtoto hutoa choo chake cha kwanza ndani ya maji hayo, na akikivuta katika mapafu huzaliwa hali hawezi kupumua vizuri. Wengine huendelea kunenepa hata kuzaliwa kwao kukawa kwa shida, kwa mama na kwa mtoto.

Hatari hiyo ni ndogo baada ya majuma 40, lakini huongezeka siku kwa siku, nayo yazidi kuwa kubwa majuma 42 yanapokaribia. Katika nchi ya Sweden ulifanywa uchunguzi wa wanawake 2,760 wenye afya njema, katika hospitali 14, na habari zake zikachapishwa mwaka 2019. Nusu yao walianzishwa uchungu mimba ilipotimiza majuma 41. Nusu ya pili wakaachwa wangojee hata majuma 42. Katika kundi la kwanza hakufa mtoto hata mmoja. Katika kundi la pili walikufa watoto 6, na madaktari wakausimamisha uchunguzi kabla ya wakati wake, wakiona si haki kuendelea. Ikiwa mambo yalikuwa hivyo katika nchi yenye hospitali nyingi na barabara njema, mama akaaye mbali na hospitali ana sababu kubwa zaidi ya kutokawia.

Shirika la Afya Duniani lashauri ya kwamba mwanamke ambaye yajulikana kwa hakika kuwa ametimiza majuma 41 pasipo kujifungua aanzishwe uchungu hospitalini. Kwa yule wa mfano, siku hiyo ni tarehe 15 Oktoba.

NJIA ZA NYUMBANI

Kati ya siku iliyotazamiwa na majuma 41 kuna siku saba. Katika siku hizo wengi hutafuta njia za asili za kuuita uchungu. Yafaa kila njia ipimwe kwa yale yaliyokwisha kuonekana.

Kutembea. Mwendo wa taratibu asubuhi na jioni humpa mama nguvu, humpunguzia maumivu ya mgongo na kumpatia usingizi. Haujathibitishwa kuwa waleta uchungu kwa hakika, lakini hauna madhara. Kubeba mitungi mizito ya maji au mizigo ya kuni ili "kumshusha mtoto" si kutembea. Ni kumchosha mtu ambaye karibu atahitaji nguvu zake zote.

Tende. Watu wa Mombasa na Lamu wanazijua tende tangu kale, zilipoletwa kwa majahazi kutoka Arabuni, na Waislamu wanazo habari za Bibi Mariamu aliyekula tende katika uchungu wake. Mwaka 2011 waganga wa Jordan walichapisha habari za wanawake 69 waliokula tende sita kila siku katika majuma manne kabla ya siku yao, wakalinganishwa na wanawake 45 wasiokula. Waliokula walifika hospitali mlango wa uzazi ukiwa umefunguka zaidi, na wachache zaidi katika wao walihitaji dawa ya kuuanzisha au kuuongeza uchungu. Uchunguzi huo ulikuwa wa watu wachache, lakini tende ni chakula chema, na anayezipata hana cha kupoteza, ila yule mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye na aulize kwanza.

Kuchua chuchu. Kila mama aliyepata kunyonyesha anajua ya kwamba siku za kwanza mtoto anapovuta ziwa tumbo hukaza na kuuma. Sababu yake ni kwamba chuchu ikivutwa, ubongo hutoa maji yaitwayo oksitosini, ambayo huingia katika damu na kulikaza tumbo la uzazi. Nguvu hiyo ilitambuliwa mwaka 1906 na mwanachuoni Mwingereza Henry Dale, na Vincent du Vigneaud wa Marekani, aliyeweza kuitengeneza kwa ufundi mwaka 1953, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Katika majaribio yaliyokusanywa pamoja mwaka 2005, wanawake kama 37 katika kila 100 waliochua chuchu walishikwa na uchungu katika muda wa siku tatu, na katika wale wasiofanya hivyo walikuwa kama 6 tu. Lakini njia hii ilifaa kwa wale tu ambao mlango wao wa uzazi ulikuwa umekwisha kulainika. Tena jaribio moja kwa wanawake wenye mimba za hatari lilisimamishwa kwa sababu ya vifo vya watoto. Kwa hiyo mwenye shinikizo la damu, mwenye mapacha, au aliyepasuliwa katika uzazi uliotangulia asiitumie njia hii nyumbani.

Kulala na mume. Ni kweli ya kwamba mbegu za mume zina dawa ya asili ya kulainisha mlango wa uzazi, lakini majaribio hayakuonyesha wazi kuwa uchungu hufika mapema kwa sababu hiyo. Haina ubaya kwa mama mwenye afya akiwa aridhia. Chupa ya maji ikiisha kupasuka, au damu ikionekana, ni marufuku.

Mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita mafuta ya nyonyo. Hayo ni dawa ya kuharisha ya tangu zamani. Yakilivuruga tumbo la chakula, huenda na tumbo la uzazi likashtuka, na baadhi ya majaribio yaliona uchungu ukaanza. Lakini mwenye kuyanywa hupata kichefuchefu na kuharisha, hata akafika kwenye kazi ya kuzaa hana maji mwilini wala nguvu. Njia hii si ya kufuatwa nyumbani.

Mizizi na majani. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Haisemwi ya kwamba miti shamba haina nguvu. Baadhi yake ina nguvu nyingi ya kulikaza tumbo la uzazi, na hilo ndilo lenye kutisha. Hakuna ajuaye kipimo kilichomo katika kikombe kimoja, wala namna ya kuiondoa nguvu hiyo ikiisha kunywewa. Uchungu wa kawaida huja na kupoa, na katika kupoa kwake mtoto hupata hewa. Uchungu wa dawa kali huweza kuja pasipo kupumzika. Hapo mtoto hukosa hewa, na tumbo la uzazi laweza kupasuka, hasa la mwanamke aliyezaa mara nyingi au aliyewahi kufanyiwa upasuaji. Tumbo likipasuka, damu humwagika kwa ndani, na roho mbili huwa katika hatari kwa saa moja.

Vidonge vya dukani. Iko dawa iitwayo misoprostoli, ambayo madaktari huitumia kuanzisha uchungu. Kipimo kishauriwacho cha kunywa ni mikrogramu 25 kila baada ya saa mbili, huku mkunga akisikiliza moyo wa mtoto. Lakini kidonge kimoja cha kawaida kina mikrogramu 200. Mwenye kumeza kidonge kizima nyumbani amemeza kipimo cha mara nane, bila mtu wa kumwangalia. Asishawishike mtu kukinunua kwa siri.

YANAYOFANYWA HOSPITALINI

Wako wanawake waogopao hospitali wakidhani ya kwamba kila afikaye na mimba iliyopita siku hupasuliwa. Sivyo. Kwanza mkunga hutazama kitabu na kuhakikisha hesabu, hupima damu ya mama, husikiliza moyo wa mtoto, na kuangalia kama mlango wa uzazi umelainika.

Mlango ukiwa umeanza kufunguka, huweza kufanywa jambo jepesi lisilohitaji dawa. Mkunga aliyevaa glavu huingiza kidole na kuuachanisha utando wa chupa ya maji na ukuta wa tumbo la uzazi. Kwa kufanya hivyo mwili wa mama hutoa dawa yake wenyewe iitwayo prostaglandini, na wengi huanza uchungu katika siku chache zinazofuata bila kuhitaji jambo jingine. Mama huumwa kidogo, na huweza kuona matone ya damu. Anayetafuta njia ya asili, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na asili na yenye kuaminika, naye ana haki ya kuelezwa na kuulizwa kabla haijafanywa.

Hiyo isipotosha, ziko njia nyingine: mpira mwembamba wenye puto la maji, uwekwao katika mlango wa uzazi ili uufungue taratibu, misoprostoli au prostaglandini kwa kipimo, na oksitosini itiwayo kwa dripu katika mshipa tone kwa tone, ambayo yaweza kupunguzwa au kufungwa mara moja uchungu ukizidi. Tofauti ya dripu na chungu cha mizizi ndiyo hiyo: dripu ina mlango wa kufungia. Mwanamke aliyepasuliwa zamani hapewi misoprostoli, kwa hiyo ni wajibu wake kumwambia mkunga habari hiyo mapema.

Yafaa ijulikane pia ya kwamba sehemu ya elimu hii ilipatikana katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1968 Sultan Karim na wenzake wa Chuo cha Makerere, Kampala, walitangaza katika jarida la madaktari wa Uingereza jinsi walivyoanzisha uchungu kwa kuwatia waja wazito prostaglandini katika mshipa. Tangu hapo dawa za jamii hiyo zimeenea katika hospitali za dunia nzima. Basi mama apewaye dawa hiyo asidhani kuwa ni jambo geni la ng'ambo. Akina mama wa Uganda walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutumia.

DALILI ZISIZONGOJA

Yako mambo ambayo yakionekana, hesabu ya majuma haina kazi tena, wala haifai kungojea kukuche. Mtoto akipunguza kucheza kuliko alivyozoea, mama na aende hospitali siku ile ile. Wako wasemao ya kwamba mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa. Jambo hilo si kweli, na limewafanya wengi kuchelewa. Kadhalika na aende upesi akitokwa na damu, chupa ya maji ikipasuka, hasa maji yakiwa ya kijani au yenye uchafu, akiumwa na kichwa sana, macho yakiona giza, uso na mikono ikivimba, akipata homa, au akishikwa na kifafa.

WAJIBU WA MUME NA JAMAA

Kazi ya kungojea si ya mja mzito peke yake. Mume na aijue siku ya majuma 41 kama aijuavyo siku ya mshahara au siku ya soko. Nauli iwekwe mapema, na mwenye gari apatiwe habari kabla, hasa katika majira ya mvua, barabara zinapokatika. Akaaye mbali sana na hospitali yafaa ahamie kwa ndugu aliye karibu nayo siku chache kabla. Mavyaa na wakunga wa jadi, ambao maneno yao husikiwa kuliko ya wengine, wanaweza kuokoa maisha mengi kwa kusema neno moja tu: "Kitabu chasemaje?"

Basi ijapo siku ya kutazamiwa ikapita, nyumba na itulie. Mama na atembee taratibu, ale vizuri, apumzike, na kila siku amsikilize mtoto wake akicheza. Majirani wakiuliza, na wajibiwe kwa upole ya kwamba bado. Lakini majuma 41 yakitimia, kitabu kichukuliwe, safari ifungwe, na mama afikishwe kwa mkunga siku hiyo hiyo. Chungu cha mizizi na kibaki mekoni, kipikie uji wa mzazi atakaporudi nyumbani na mtoto mikononi.